Msukumo wa neva

Msukumo wa neva ni badiliko fupi la umeme ambalo husafiri kwenye utando wa seli ya neva kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa njia hiyo mwili wa binadamu na wa wanyama wengi hupeleka habari: macho huujulisha ubongo kilichoonekana, ubongo huamuru misuli ijikaze, na ngozi hutoa taarifa ya joto, baridi, mguso na maumivu. Seli zinazofanya kazi hiyo huitwa seli za neva au nyuroni. Pamoja na seli saidizi huunda mfumo wa neva, ambao kwa Kiswahili huitwa pia mfumo wa fahamu.

Ubongo wa mtu mzima una takriban nyuroni bilioni 86. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutumika kuziweka seli za neva tayari kupitisha ishara.

Mara nyingi neva hulinganishwa na waya wa umeme. Ulinganisho huo husaidia mwanzoni, lakini ukifuatwa mbali hupotosha. Katika waya, ishara husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Katika neva za binadamu zenye kasi kuliko zote ishara hufikia takriban mita 120 kwa sekunde. Tena, ishara inayopita katika waya mrefu hufifia, lakini msukumo wa neva hufika mwisho wa safari ukiwa na nguvu ileile ulioanza nayo. Sababu ni kwamba msukumo haurushwi mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bali huzaliwa upya katika kila hatua ya njia.

Muundo wa nyuroni

Nyuroni zina maumbo mengi, lakini kwa kawaida huwa na sehemu kuu tatu:

- Mwili wa seli, wenye kiini na viungo vingine vidogo vinavyopatikana katika kila seli. Hapa ndipo protini nyingi za seli hutengenezwa.
- Dendriti, yaani matawi mafupi yanayogawanyika kama matawi ya mti. Kazi yake ni kupokea ishara kutoka kwa seli nyingine.
- Aksoni, yaani uzi mmoja mrefu unaopeleka ishara mbali na mwili wa seli. Mwishoni aksoni hugawanyika katika ncha nyingi, na kila ncha hukaribia seli nyingine ya neva, msuli au tezi.

Kile ambacho huitwa neva katika lugha ya kila siku, na ambacho daktari mpasuaji anaweza kukiona kwa macho kama uzi mweupe, si seli moja. Ni bunda la aksoni nyingi zilizofungwa pamoja, kama nyuzi katika kamba ya katani.

Aksoni nyingi za ubongoni ni fupi kuliko milimita chache, lakini nyingine ni ndefu sana. Aksoni zinazotoka sehemu ya chini ya mgongo hadi kwenye vidole vya mguu hufikia urefu wa takriban mita 1 kwa mtu mzima. Kwa twiga, neva inayohudumia zoloto hushuka kutoka kichwani hadi kifuani, huzunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha hupanda tena shingoni. Urefu wake hupita mita 4, ingawa zoloto lenyewe liko karibu na kichwa.

Kwa kuwa protini hutengenezwa katika mwili wa seli, ni lazima zisafirishwe hadi ncha ya aksoni. Ndani ya aksoni kuna nyuzi nyembamba ambazo hutumika kama reli, na protini maalumu hubeba mizigo juu yake kwenda na kurudi. Mizigo ya haraka husafiri hadi takriban sentimita 40 kwa siku. Usafirishaji huu ni wa polepole mno ukilinganishwa na msukumo wa neva, na mambo haya mawili hayapaswi kuchanganywa: moja ni safari ya vitu, jingine ni safari ya ishara.

Aina za nyuroni

Kwa kufuata kazi zake, nyuroni hugawanywa katika makundi matatu:

- Nyuroni za hisi hupeleka habari kutoka ngozi, macho, masikio, ulimi, pua na viungo vya ndani kuelekea ubongo na ugwe wa mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo).
- Nyuroni za mwendo hupeleka amri kutoka ubongo na ugwe wa mgongo hadi kwenye misuli na tezi.
- Nyuroni za kati huunganisha nyuroni nyingine. Hizi ndizo nyingi kuliko zote.

Kando ya nyuroni kuna seli za glia, ambazo hazipitishi misukumo lakini huzilisha nyuroni, huzilinda na kuzifunika. Bila seli hizo nyuroni haziwezi kudumu.

Hali ya utulivu

Ili kuelewa msukumo ni lazima kwanza kuelewa hali ya seli kabla ya msukumo. Kila nyuroni imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini. Ndani na nje ya utando kuna maji yenye chumvi mbalimbali. Chumvi inapoyeyuka majini hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Ioni mbili zilizo muhimu zaidi hapa ni za sodiamu (huitwa pia natiri), ambayo imo katika chumvi ya mezani, na za potasiamu (huitwa pia kali), ambayo hupatikana kwa wingi katika ndizi, viazi na maharagwe. Zote mbili zina chaji chanya.

Ioni hizo hazikugawanyika sawasawa. Sodiamu ni nyingi nje ya seli, zaidi ya mara 10 kuliko ndani. Potasiamu ni nyingi ndani, karibu mara 30 kuliko nje. Tofauti hiyo hudumishwa na protini ya utando inayofanya kazi kama pampu: kila inapozunguka hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ndani ioni 2 za potasiamu. Pampu hiyo huhitaji nishati, na hapo ndipo sehemu kubwa ya chakula cha ubongo huishia.

Utando una pia milango ya ioni, yaani protini zenye tundu ambalo ioni za aina fulani tu zinaweza kupita. Wakati wa utulivu milango ya sodiamu karibu yote imefungwa, lakini baadhi ya milango ya potasiamu iko wazi. Kwa hiyo potasiamu kiasi huvuja kwenda nje ikiondoka na chaji yake chanya, na ndani hubaki na upungufu. Matokeo yake ni kwamba upande wa ndani una umeme hasi ukilinganishwa na wa nje, kwa takriban milivolti 70. Hiyo huandikwa -70 mV. Ni kiasi kidogo, kwani betri ndogo ya tochi ina milivolti 1500, lakini kwa kuwa utando ni mwembamba sana nguvu ya umeme inayoukabili ni kubwa.

Nyuroni iliyotulia basi si seli iliyolala. Inafanana na mtego wa panya uliokwisha kutegwa: nguvu ilitumika wakati wa kuutega, na sasa unangoja kuguswa tu.

Jinsi msukumo unavyotokea

Msukumo huanza pale nyuroni inaposisimuliwa, kwa mfano kwa mguso wa ngozi au kwa ishara kutoka nyuroni nyingine. Hatua zake ni hizi:

1. Msisimko huingiza chaji chanya kidogo ndani ya seli. Umeme hupanda kutoka -70 mV kuelekea sifuri. Usipofika mbali, seli hurudi katika utulivu na hakuna kinachotokea.
2. Umeme ukifikia takriban -55 mV, kiwango kinachoitwa kizingiti, milango ya sodiamu inayoitikia umeme hufunguka. Sodiamu huingia kwa kasi kwa sababu mbili: ni nyingi zaidi nje, na tena huvutwa na umeme hasi wa ndani. Kuingia kwake huongeza chaji chanya, na hiyo hufungua milango mingine zaidi. Kwa muda mfupi kuliko nusu ya milisekunde upande wa ndani hubadilika kuwa chanya, hadi takriban +40 mV.
3. Milango ya sodiamu hujifunga yenyewe. Wakati huohuo milango mingine ya potasiamu, iliyochelewa kidogo, hufunguka. Potasiamu hutoka nje na kurudisha umeme hasi wa ndani.
4. Kwa muda mfupi umeme hushuka hata chini ya -70 mV, kisha hutulia.

Kwa aksoni nyingi tukio zima huchukua takriban milisekunde 1 hadi 2, yaani elfu moja au mbili za sekunde.

Mara nyingi hudhaniwa kwamba pampu ndiyo inayorudisha hali ya utulivu baada ya kila msukumo. Sivyo. Kinachorudisha umeme ni kutoka kwa potasiamu. Ioni zinazovuka utando katika msukumo mmoja ni chache sana kulingana na zile zilizopo, hivyo aksoni nene inaweza kupitisha misukumo mingi hata pampu ikiwa imesimamishwa. Kazi ya pampu ni ya muda mrefu: kuzuia tofauti ya ioni isipungue kidogo kidogo.

Yote au hakuna

Msukumo hauna nusu. Kizingiti kisipofikiwa, hakuna msukumo. Kikifikiwa, msukumo hutokea kwa ukamilifu wake. Mtego wa panya pia haufyatuki robo: ukiguswa kidogo mno haufyatuki, ukiguswa vya kutosha hufyatuka wote, na kuugusa kwa nguvu zaidi hakuongezi nguvu ya kufyatuka.

Hapo hutokea swali: ikiwa misukumo yote ni sawa, mtu anatofautishaje maji ya uvuguvugu na maji ya moto, au mguso mwepesi na pigo? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, msisimko ukiwa mkubwa misukumo hufuatana kwa haraka zaidi, na pia nyuroni nyingi zaidi hushiriki. Pili, aina ya hisia hutegemea njia iliyotumika: misukumo ya neva ya jicho na ya sikio ni ya namna moja, lakini inafika sehemu tofauti za ubongo. Ndiyo maana anayepigwa ngumi ya jicho huona vimulimuli hata gizani, ingawa hakuna nuru yoyote iliyoingia.

Jinsi msukumo unavyosafiri

Sodiamu inapoingia mahali pamoja pa aksoni, chaji chanya husambaa ndani hadi sehemu ya jirani na kuifikisha kwenye kizingiti. Sehemu hiyo nayo hufungua milango yake, na kuisisimua inayofuata. Msukumo huendelea hivyo kama moto unaotembea katika nyasi kavu: kila jani huwashwa na lililotangulia lakini huwaka kwa nguvu yake lenyewe, hivyo moto haupungui kwa umbali.

Moto hauwezi kurudi nyuma mahali palipokwisha kuungua. Vivyo hivyo, milango ya sodiamu ikishajifunga haiwezi kufunguka tena mara moja. Kwa muda huo mfupi wa mapumziko sehemu iliyopitiwa haisisimki, na kwa sababu hiyo msukumo huenda mbele tu. Tofauti ni kwamba nyasi huchukua msimu mzima kuota tena, ilhali aksoni huwa tayari baada ya milisekunde chache.

Kasi ya msukumo hutegemea mambo mawili. La kwanza ni unene: aksoni nene hupitisha haraka kuliko nyembamba. La pili ni mielini, dutu ya mafuta inayoizunguka aksoni kwa tabaka nyingi kama kitambaa kilichoviringishwa. Mielini hutengenezwa na seli za glia. Katika neva za mikono na miguu hizo huitwa seli za Schwann. Kati ya kipande kimoja cha mielini na kingine kuna mapengo madogo ambako utando uko wazi, yaitwayo mapengo ya Ranvier kwa jina la mtaalamu Mfaransa Louis-Antoine Ranvier aliyeyaeleza katika karne ya 19. Msukumo huzaliwa upya kwenye mapengo tu, na hivyo huonekana kama unaruka kutoka pengo hadi pengo. Njia hiyo huongeza kasi na kupunguza matumizi ya nishati.

Aksoni nene zenye mielini hupitisha hadi takriban mita 120 kwa sekunde. Aksoni nyembamba zisizo na mielini hupitisha kati ya mita 0.5 na 2 kwa sekunde. Tofauti hiyo inaweza kuhisiwa na yeyote aliyejikwaa kidole cha mguu. Kwanza huja maumivu makali ya ghafla, yanayoletwa na aksoni zenye mielini nyembamba. Baada ya muda wa kama sekunde moja hufuata maumivu mengine, mazito na yenye kuungua, yanayoletwa na aksoni zisizo na mielini. Jeraha ni moja, lakini habari zake zimesafiri kwa njia mbili.

Sinapsi

Mahali ambapo nyuroni moja hukutana na seli nyingine huitwa sinapsi. Katika sinapsi nyingi seli hizo mbili hazigusani. Kati yake kuna mwanya wa takriban nanomita 20, yaani milimita moja ikigawanywa mara 50,000. Umeme wa msukumo hauruki mwanya huo. Ujumbe huvushwa na kemikali ziitwazo nyurotransmita.

Kemikali hizo hukaa katika vifuko vidogo kwenye ncha ya aksoni. Msukumo unapofika hapo, hufungua milango ya kalisi (kalsiamu), na kalisi huingia. Kuingia kwake husababisha vifuko kuungana na utando na kumwaga yaliyomo katika mwanya. Molekuli huvuka na kushika vipokezi vya seli ya pili, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Baada ya hapo ni lazima ziondolewe upesi, ama kwa kuvunjwa na kimeng'enya au kwa kurudishwa ndani ya ncha iliyozitoa. Zisipoondolewa ishara haikomi.

Nyurotransmita zinazojulikana zaidi ni asetilikolini, ambayo huamuru misuli ijikaze. Glutamati, ambayo ndiyo kuu ya kusisimua katika ubongo. GABA na glisini, ambazo hutuliza. Pamoja na dopamini na serotonini.

Sinapsi za kusisimua huisogeza seli karibu na kizingiti, na za kutuliza huiondoa mbali nacho. Nyuroni moja inaweza kuwa na maelfu ya sinapsi. Wakati wote hujumlisha zinazosema ndiyo na kutoa zinazosema hapana, na jumla ikifikia kizingiti hutoa msukumo. Uwezo wa ubongo wa kuamua na kujifunza umejengwa juu ya hesabu hiyo, kwa kuwa nguvu ya sinapsi huweza kuongezeka au kupungua kulingana na matumizi.

Mfano: mkono na sufuria ya moto

Mtu anapogusa sufuria iliyo jikoni bila kitambaa, mkono hujiondoa kabla hajafikiri. Ncha za nyuroni za hisi katika vidole husisimuliwa na joto na kupeleka misukumo hadi ugwe wa mgongo. Hapo misukumo huvuka sinapsi hadi nyuroni za kati, na kutoka hizo hadi nyuroni za mwendo, ambazo huamuru misuli inayokunja mkono ijikaze. Wakati huohuo nyuroni nyingine za kati huizuia misuli inayonyoosha mkono, ili isishindane na ile inayoukunja.

Mzunguko huo haupitii ubongoni. Habari hufika ubongoni pia, lakini kwa njia ndefu zaidi, na mtu huhisi maumivu mkono ukiwa tayari umeanza kuondoka. Ubongo hata hivyo unaweza kuingilia: aliyebeba chungu cha moto chenye chakula cha watu wengi anaweza kuvumilia hadi akitue, kwa sababu ubongo hutuma misukumo ya kutuliza hadi ugwe wa mgongo.

Historia ya uchunguzi

Katika miaka ya 1780 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, aliona kwamba miguu ya chura aliyekufa hurukaruka ikiguswa na umeme. Mwaka 1791 alitangaza kwamba neva hufanya kazi kwa umeme wa wanyama wenyewe.

Wataalamu wengi wa wakati uliofuata waliamini kwamba ishara ya neva ina kasi isiyoweza kupimwa. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliipima kwa kutumia neva ya chura na kupata mita kama 30 tu kwa sekunde. Wengi walishangaa kusikia kwamba kati ya kuamua na kutenda kuna muda unaopita.

Mwaka 1873 Mwitalia Camillo Golgi aligundua njia ya kuzitia rangi seli za neva kwa kutumia fedha. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliiboresha na kuonyesha kwamba mfumo wa neva umeundwa na seli moja moja, si wavu mmoja usiokatika kama Golgi alivyoamini. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, na Golgi aliitumia hotuba yake kuupinga msimamo wa mwenzake. Utafiti wa baadaye ulithibitisha kwamba Cajal alikuwa sahihi.

Jina sinapsi lilianzishwa mwaka 1897 na Mwingereza Charles Sherrington. Mwaka 1921 Otto Loewi, akiwa Graz, Austria, alisisimua neva ya moyo wa chura hadi mapigo yakapungua, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyatia katika moyo wa pili. Moyo wa pili nao ulipunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Hivyo ilithibitika kwamba ujumbe ulibebwa na kemikali, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini. Loewi mwenyewe alisimulia kwamba wazo la jaribio hilo lilimjia usingizini.

Maelezo ya milango ya sodiamu na potasiamu yalitokana na ngisi. Ngisi ana aksoni nene kiasi cha nusu milimita hadi milimita moja, ambayo sindano nyembamba ya kupimia umeme inaweza kuingizwa ndani yake. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliitumia kuanzia mwaka 1939, wakasimama wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1952 walichapisha hesabu kamili za msukumo. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Pampu ya sodiamu na potasiamu iligunduliwa na Mdenmark Jens Christian Skou, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za miguu ya kaa.

Magonjwa

Magonjwa mengi yanayoogopwa au kuhusishwa na uchawi, laana na majini ni hitilafu za hatua zilizoelezwa hapo juu.

Kifafa hutokea kundi kubwa la nyuroni za ubongo zinapotoa misukumo kwa pamoja bila mpangilio wa kawaida. Hakiambukizi kwa mate wala povu. Wakati wa degedege mtu alazwe kwa ubavu, aondolewe vitu vya hatari vilivyo karibu, na asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Dawa kama kabamazepini huzuia milango ya sodiamu isifunguke mfululizo, na fenobabitoni huongeza nguvu ya GABA. Wagonjwa wengi hupata nafuu wakizitumia bila kukatiza. Kuziacha ghafla ni hatari. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wagonjwa wengi walikuwa wakitengwa na hata kunyimwa kula pamoja na wengine.

Ukoma husababishwa na bakteria wanaoingia katika seli za Schwann na kuharibu neva za mikono, miguu na uso. Ugonjwa wenyewe hauli vidole. Mgonjwa hupoteza hisia ya maumivu, hivyo huungua na kujikata bila kujua, na vidonda visivyotunzwa ndivyo vinavyoharibu vidole. Ukoma hutibika kwa mchanganyiko wa dawa ambao hutolewa bure, lakini neva zilizokwisha kufa kwa kawaida hazirudi. Kwa sababu hiyo baka lisilo na hisia kwenye ngozi lapaswa kuonyeshwa kwa mganga wa hospitali mapema. Kisukari cha muda mrefu nacho huua hisia za nyayo kwa namna inayofanana, na mgonjwa hushauriwa kukagua miguu yake kila siku.

Pepopunda hutokana na sumu ya bakteria waishio katika udongo na kinyesi cha wanyama. Sumu hupanda ndani ya aksoni hadi ugwe wa mgongo na kuzuia kutolewa kwa glisini na GABA. Misuli ikikosa ishara ya kutulizwa hukakamaa yote kwa pamoja. Chanjo huzuia ugonjwa huu, pamoja na ule wa watoto wachanga waliokatwa kitovu kwa chombo kichafu.

Virusi vya kichaa cha mbwa navyo hutumia njia ya usafirishaji ndani ya aksoni kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki hadi miezi, na muda huo ndio nafasi ya kuokoa maisha: jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na chanjo ianzwe bila kusubiri. Dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufariki.

Sumu na dawa

Viumbe wengi hujilinda au kuwinda kwa kushambulia hatua mojawapo ya msukumo. Samaki aitwaye bunju ana sumu inayoziba milango ya sodiamu. Anayemla hufa ganzi midomo, kisha misuli ya kupumua husimama. Kumpika hakuondoi sumu hiyo. Sumu ya koboko ina protini zinazoziba milango ya potasiamu na nyingine zinazoziba vipokezi vya asetilikolini kwenye misuli. Aliyeng'atwa anaweza kushindwa kupumua akiwa bado na fahamu, hivyo kumkimbiza hospitalini ni muhimu kuliko kuchanja au kunyonya jeraha.

Baadhi ya dawa za kuulia wadudu mashambani, za kundi la organofosfati, huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Ishara hazikomi tena: mate na jasho humtoka mtu kwa wingi, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na mwishowe hupooza. Hutokea kwa wakulima wanaopuliza dawa bila glavu na barakoa, au wanaotumia tena makopo yake kuhifadhia maji na chakula.

Kwa upande mwingine, ujuzi huohuo umeleta faida. Sindano ya ganzi anayochomwa mtu kabla ya kung'olewa jino ina lidokaini, ambayo huziba milango ya sodiamu kwa muda. Jino hung'olewa na kidonda kipo, lakini misukumo ya kupeleka habari za maumivu haizaliwi. Dawa inapoisha nguvu milango hufunguka tena, na neva huendelea na kazi yake kama kawaida.